Mizani ya Wimbo

Neno "mizani" katika lugha yetu lina maana mbili. Ghalani ni chombo cha kupimia korosho. Katika utungaji ni hesabu ya silabi za mstari wa shairi. Mkulima wa Masasi aliyepata kubeba gunia lake kutoka nyumbani likiwa zito, akaliona limekuwa jepesi ghafula mbele ya mpimaji, ajua vema uchungu wa mizani isiyo ya haki. Walakini ni wachache wanaojiuliza kama mizani ile ya pili nayo yaweza kuibiwa. Je, mtu akiongeza au akipunguza hesabu ya wimbo, ili ulingane na neno alilokwisha kulisema, tumwiteje? Swali hili si la mchezo kwetu, maana tumelitenda jambo hilo sisi wenyewe, mbele ya watoto, na twataka kulieleza hapa ili wengine wasijikwae tulipojikwaa.

Habari yenyewe ilianza hivi. Kijana mmoja tuliyemfundisha zamani, ambaye sasa asoma chuoni, alikuja Newala wakati wa likizo. Jioni moja tulikaa barazani pamoja na wazee wawili watatu, upepo ukipanda kutoka bonde la Ruvuma, na kwa mbali twasikia ngoma ya sindimba. Kijana akasema amesoma ya kuwa nyimbo zote zinazopendwa na watu zimejengwa juu ya namba moja iitwayo uwiano wa dhahabu, na kwamba hata nyimbo za kwetu zikipimwa zitaonekana vivyo hivyo. Mzee mmoja akamwuliza, "Mjukuu wangu, wimbo wapimwa kwa pishi au kwa futi?" Watu wakacheka. Kijana akajibu kwa adabu, "Kwa saa, babu." Mzee akafikiri kidogo, akasema, "Basi pimeni, mkaje kutuambia." Nasi tuliona ni neno la haki, tukaahidi kupima.

Kwanza yatupasa kueleza namba hiyo ni nini. Chukua ufito wenye urefu wa inchi 100. Tafuta mahali pa kuukata ambapo ufito mzima, ukilinganishwa na kipande kikubwa, utapita kwa kadiri ileile ambayo kipande kikubwa chapita kile kidogo. Utaona hapana mahali ila karibu na inchi ya 62, ukabaki na vipande viwili, 62 na 38. Ukigawanya 100 kwa 62, kisha 62 kwa 38, majibu yatakaribiana sana. Na ukikata kwa uangalifu zaidi, yote mawili yatakuwa 1.618. Jambo hili si geni duniani. Euklide alilieleza katika kitabu chake cha jiometria mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo, naye alifundisha Iskandaria, katika Misri, katika bara letu hili.

Kuna njia ya pili ya kuifikia namba hiyo, na njia hii ilipita katika nyimbo zenyewe. Wataalamu wa mashairi wa Bara Hindi walijiuliza: ikiwa silabi fupi ni pigo moja, na silabi ndefu ni mapigo mawili, mstari wa mapigo manne waweza kujazwa kwa njia ngapi? Mwalimu aweza kuwauliza watoto wake swali hilo kwa makofi. Mapigo matatu yana njia 3, manne yana njia 5, matano yana njia 8, sita yana njia 13. Na kila jibu ni jumla ya majibu mawili yaliyolitangulia. Hemachandra aliandika kanuni hiyo mnamo mwaka 1150. Baadaye, mwaka 1202, Leonardo wa Pisa, aitwaye Fibonacci, ambaye alijifunza hesabu utotoni huko Bugia, katika nchi iitwayo sasa Algeria, aliziandika namba hizohizo katika kitabu chake. Ukiendelea kujumlisha utafika 34, 55, 89. Na ukigawanya 89 kwa 55 utapata 1.618. Ndiyo namba ya ufito wetu.

Wala tusimdhanie mtu kwamba aota ndoto akisema namba hii imo katika viumbe. Chukua nanasi, ufuate kwa kidole safu za macho yake zinazopanda kwa mzunguko. Mara nyingi utahesabu safu 8 upande mmoja na safu 13 upande wa pili. Sababu yake yajulikana. Kila jicho jipya huota likiachana na lililotangulia kwa pembe ya nyuzi 137 na nusu hivi, na kwa pembe hiyo kila moja hupata nafasi yake pasipo kumkalia mwenzake. Basi hapa namba ina kazi ya kufanya, na kazi hiyo yaonekana.

Lakini nanasi ni nanasi, na wimbo ni wimbo. Ilikuwaje watu wakaifanya namba hii kuwa hakimu wa uzuri wote? Mwaka 1509 Luca Pacioli, mtawa wa Italia, alitoa kitabu juu yake, akaiita ya kimungu, na michoro ya kitabu hicho ilifanywa na Leonardo da Vinci. Hata hivyo Pacioli hakuwaamuru wachoraji wala waimbaji kuitumia. Ni Adolf Zeising, Mjerumani, aliyetangaza mwaka 1854 kwamba ndiyo kanuni ya uzuri katika mwili wa mtu, katika majengo, na katika kila kitu. Kisha Mjerumani mwenziwe, Gustav Fechner, akawaonyesha watu vibao kumi vya pembe nne vya maumbo mbalimbali ili wachague kinachowapendeza, na wengi wakachagua kile cha uwiano wa dhahabu au kilicho karibu nacho. Fechner alitoa kitabu chake mwaka 1876, mwaka uleule ambao Askofu Steere aliwaleta watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, wakajenga kijiji hapa Masasi. Watu wale hawakuulizwa habari za vibao. Walikuja na nyimbo zao, na hapana aliyezipima.

Sasa tuje kwenye kosa letu. Tulichagua nyimbo za dansi, kwa sababu zajulikana na watu wote na zina mgawanyiko ulio wazi. Katika nyimbo hizo sehemu ya kwanza huimbwa taratibu, beti kwa beti, mwimbaji akitoa kisa chake. Kisha magitaa huchangamka, tarumbeta huingia, na watu walioketi husimama kucheza. Sehemu hiyo ya pili huitwa chemko. Kijana wetu alisema kwamba chemko huanza penye uwiano wa dhahabu, yaani wimbo ukiwa umekwisha kwa sehemu 62 katika 100. Tukawapa wanafunzi kazi hiyo, kila mmoja achukue wimbo mmoja apime kwa saa.

Siku ya kuleta majibu, mvulana mmoja alisimama akasema wimbo wake ulichukua dakika 6, na chemko ilianza katika dakika ya 3. Nusu kwa nusu. Sisi tulikuwa tumekwisha kuandika ubaoni kwamba itaanza katika sekunde ya 222, nasi hatukupenda kufuta. Tukamwambia amekosea, ya kwamba chemko haianzi magitaa yanapobadilika, bali huanza pale waimbaji wanaponyamaza kabisa, sekunde 42 baadaye. Mvulana akasema, "Samahani, mwalimu, lakini jana ulituambia ni magitaa." Tukamkatiza, tukamwandikia kosa, akaketi. Darasa zima lilitazama. Na wale waliofuata wote walileta majibu yaliyo karibu sana na 62. Tulifurahi kwa dakika chache tu, kisha tukafahamu ni nini tulichowafundisha siku ile. Tuliwafundisha kumtazama mwalimu usoni na kuacha kuitazama saa.

Usiku tulifikiri, tukaona kwamba tulikuwa tumeitenda kazi ya mpimaji mwovu wa korosho. Yeye huweka kidole juu ya mizani; sisi tuliisogeza alama. Na kosa hili limewapata hata wakubwa kuliko sisi. Ernő Lendvai wa Hungaria alieleza kwamba Béla Bartók, mtunzi mwenziwe wa nchi ile, alizitumia namba za Fibonacci katika muziki wake wa nyuzi na ngoma wa mwaka 1936: kwamba sehemu ya kwanza ina vipimo 89, navyo vimegawanyika 55 na 34. Watu waliohesabu muziki uliopigwa chapa waliona vipimo 88. Ili kupata 89 ilimbidi Lendvai aongeze kipimo kimoja cha ukimya mwishoni. Naye Bartók mwenyewe, aliyezunguka vijijini miaka mingi akikusanya nyimbo za wakulima, hakuandika kwamba aliitumia namba hiyo.

Kwa nini ni rahisi hivi kuiona namba mahali ambapo haipo? Tumepata sababu mbili, na msomaji aweza kuzipima mwenyewe.

Sababu ya kwanza ni hii. Mwimbaji mwenye akili hatatoa utamu wote mwanzoni, maana watu watakwenda zao. Wala hatauweka hadi mwisho kabisa, maana watu watachoka kungoja. Basi ataufikisha baada ya nusu na kabla ya robo ya mwisho. Sasa tafuta katikati ya nusu na robo tatu: ni 0.625. Uwiano wa dhahabu ni 0.618. Kwa hiyo mtu yeyote anayefuata busara ya kawaida ataanguka jirani ya namba hiyo, hata kama hajapata kuisikia, kama vile mtu anayekwenda sokoni kwa njia yake hupita karibu na nyumba ya diwani pasipo kuwa na shauri naye.

Sababu ya pili ni wingi wa alama. Wimbo mmoja una mwanzo wa ubeti wa pili, kiitikio, gitaa la peke yake, tarumbeta, ukimya, kelele za furaha, na kadhalika. Tuseme una alama kumi zilizotawanyika ovyo. Tukikubali kila alama iliyo kati ya sehemu ya 59 na ya 65 katika 100, basi kwa bahati tu karibu wimbo mmoja katika kila nyimbo mbili utakuwa na alama yenye kutufaa. Mwenye kutafuta atapata. Atakayepata vivi hivi asiseme amefumbua siri ya mtunzi, kwa kuwa amechagua tu katika vingi kile alichokitaka.

Lakini liko jambo la tatu, nalo ndilo lililotugusa kuliko hesabu. Ili kugawanya ufito ni lazima kwanza ujue ncha zake mbili. Je, wimbo wa kwetu una ncha? Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, alifika Masasi na Newala akiwa na fonografu, akazinasa sauti za watu juu ya silinda za nta. Silinda moja ilichukua dakika mbili au tatu tu. Nta ilipokwisha, wimbo ulikatika. Mtu atakayezipima nyimbo zile leo na kusema urefu wake ni dakika mbili na nusu, hapimi wimbo; apima nta. Hata santuri za zamani, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilichukua dakika tatu hivi kila upande, na watunzi wa dunia nzima waliukata wimbo upate kuenea kwenye sahani. Na bendi kama Mlimani Park ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1978 na kuuita mtindo wake Sikinde kwa jina la ngoma ya Wazaramo, wimbo wake redioni una mwisho unaojulikana. Lakini ukumbini chemko hurefuka kadiri wachezaji walivyo na nguvu. Ni urefu upi basi ulio wa kweli?

Tukatazame nyumbani. Wanawake wawili wakitwanga muhogo mkavu katika kinu kimoja, michi yao ikipokezana, wimbo wao hukoma unga ukiwa tayari. Bibi zetu wa nyanda za juu, kabla ya maji ya mabomba kuletwa, walishuka bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani, na wimbo wa njiani ulikuwa mrefu kama kilima. Katika ngoma, kiongozi hutoa neno na watu huitikia, naye huliacha neno lile akiona limepoa, akashika jingine. Nyimbo hizi zina mpango, tena mpango mkali. Mtu akikosea zamu yake huonekana mara moja. Ila mpango wake umo katika zamu, katika kupokea na kutoa. Haumo katika jumla ya dakika.

Huenda mtu atauliza: mbona mashairi yetu yana hesabu? Ni kweli, nayo ni hesabu nzuri. Mstari wa shairi la kawaida una mizani 16, nane kwa nane, nusu kamili, wala hatujasikia mtu akisema shairi ni baya kwa sababu halina dhahabu. Mstari wa Al-Inkishafi una mizani 10, na kituo chake ni baada ya ya sita. Hapo mpenda namba atashangilia, akisema 0.6 ni jirani ya 0.618. Na katika ngoma nyingi za Afrika mapigo manane hugawanywa tatu, tatu na mbili. Atashangilia tena, kwa kuwa 3, 5 na 8 ni namba za Fibonacci. Lakini sababu yake ni nyepesi: nane haigawanyiki kwa tatu, na aliyetaka mapigo matatu ndani ya nane hana budi kuacha moja lipungue. Upungufu ule ndio unaosukuma mguu. Basi tuna nusu kwa nusu, tuna sita kwa nne, tuna tatu, tatu na mbili, na zote zapendeza. Uzuri una vipimo vingi, na kila kipimo kina kazi yake.

Sasa twafika penye moyo wa shauri hili. Kwa nini tuliitamani sana namba ile hata tukamwonea mtoto? Tumejichunguza, na jibu halitupendezi. Tulitaka nyimbo zetu zipate heshima, tukadhani heshima itatoka katika kipimo kilichosifiwa vitabuni na watu wa mbali. Tulifikiri tukiweza kusema "hata wimbo wa Newala una uwiano wa dhahabu," watu watautazama kwa macho mengine. Lakini heshima ya namna hiyo ni ya kuazima. Mwenye kuazima nguo hana raha, kwa maana aogopa mwenyewe asije akaidai. Siku wimbo wetu utakapopimwa na kuonekana una nusu kwa nusu, je, tuuone umekuwa mbaya? Na mtoto aliyeambiwa kwamba wimbo wa bibi yake ni mzuri kwa sababu una 1.618, siku atakapojua hauna, ataweka wapi mapenzi yake?

Wala hatusemi kupima ni vibaya. Yule mzee alituambia tupime, nasi twamshukuru. Hesabu ni taa njema. Imetuonyesha sababu ya nanasi, imetuonyesha pia mahali tulipojidanganya. Kosa halikuwa katika saa. Kosa lilikuwa kuamua kwanza na kupima baadaye.

Juma lililofuata tulirudi darasani, tukamwita yule mvulana, tukawaambia wote kwamba hesabu yake ilikuwa sawa na ya mwalimu ilikuwa na hila. Tukafuta lile kosa daftarini mwake. Kisha tukawauliza wengine kama wangependa kupima tena. Kwanza walinyamaza, kisha mikono ikainuka. Safari hii tulikubaliana mapema ni alama gani tutakayoitumia, tukaiandika, na hapana aliyeruhusiwa kuibadilisha. Majibu yalikuja ya kila namna: mengine chini ya nusu, mengine karibu na theluthi mbili, mengine karibu na 62, maana na hayo yapo. Tuliyaandika yote ubaoni kama yalivyo.

Jioni tukaenda barazani kumpa mzee habari zake. Tukamwambia hatukuiona namba moja. Akauliza, "Na nyimbo, zimebaki nzuri?" Tukasema zimebaki. Akasema, "Mimi wimbo mwema naujua kwa yule aliyekaa kimya. Akianza kuitikia pasipo kujua, basi."

Hatudai kwamba jibu la mzee lamaliza swali la wataalamu. Lakini twawashauri waalimu wenzetu na wazazi: mtoto akileta hesabu msiyoitarajia, itazameni saa kabla ya kumtazama mtoto. Na mkimpa mtoto wimbo wa kwao, mpeni pamoja na sababu zake za kweli, ni nani aliuimba, kwa kazi gani, na watu waliitikiaje. Hayo hayahitaji dhahabu ya mtu yeyote.